Mwaka Niliobebwa

Mwezi uliopita, kwenye foleni ya dawa katika hospitali moja hapa Migori, mama mmoja aliyekuwa amemleta mumewe aliniuliza nilikuwa nikisafiri vipi jijini wakati miguu yangu ilikuwa imekufa. Mumewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kama changu, kichwa amekiinamisha, anajifanya hasikii. Nilianza kumjibu lakini jina lao likaitwa, wakaenda. Haya ndiyo ningewaambia kama tungekuwa na asubuhi nzima. Namwandikia zaidi yule mume.

Mimi ni mtu wa Masara. Kwa miaka tisa nilikuwa na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji walileta mawe kwa magunia, nami nikiyabeba begani kutoka barabarani hadi kwenye mashine. Gunia ambalo vijana wawili walilishika huku na huku, mimi nilikuwa nikilibeba peke yangu huku nikipiga mluzi. Waliniita Winchi. Nalitaja jina hilo ili ujue ni mtu wa aina gani aliyeangushwa.

Maumivu ya mgongo yalianza Januari, wakati wa jua kali. Nilimeza dawa za maumivu na kufunga kitambaa kiunoni, nikaendelea na kazi. Nilikuwa nikikonda, nikilowa jasho kitandani, na kila mtu akasema ni kazi nzito. Machi nilivuka uwanja wetu nikitoka bafuni, mke wangu Pamela akaniita. Alikuwa ameshika ndara yangu moja. Ilikuwa imenivuka katikati ya uwanja na mimi nikaendelea kutembea mguu mtupu juu ya kokoto bila kujua. Alinitazama, nikamtazama. Mvua za Aprili zilipoanza nilianguka kando ya mashine, na sikuinuka tena.

Waliponipima waliniambia ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Sitaeleza habari za madaktari, sizijui vizuri na hazikusaidii leo. Nilianzishwa dawa za mwaka mzima, zile zinazoufanya mkojo uwe rangi ya chungwa, kisha nikapelekwa Nairobi kupasuliwa. Pamela alibaki na binti yetu Awino na watoto wengine. Baadaye mashine iliuzwa, na yeye akahamia Mbita, nyumbani kwa baba yangu, kwa sababu mzee alikuwa peke yake na kifua chake kilikuwa kikizidi kumsumbua.

Nairobi nilikaa kwa dada yangu Rose, mdogo wangu wa pekee, na mume wake Wafula ambaye ni askari wa lango katika shule moja. Walikuwa na vyumba viwili ghorofa ya tatu. Upasuaji ulikuwa Juni, kwenye baridi. Baada ya hapo ilinibidi kurudi hospitalini mara mbili kwa wiki, kufanyiwa mazoezi ya viungo na kusafishwa kidonda kilichonitoka mgongoni kwa kulala. Na hapo ndipo nilipojifunza kubebwa.

Kila siku ya hospitali Wafula alinibeba mgongoni kushuka ngazi, Rose akifuata na kiti. Kuanzia kitovuni kwenda chini sikuwa nahisi kitu. Miguu yangu ilining'inia kando yake, na wakati mwingine ilishtuka yenyewe ikampiga. Nilikuwa na mpira wa mkojo na mfuko wake, nao Rose aliufunga kwenye paja langu na kuufunika na leso. Chini tungesubiri teksi. Dereva wa kwanza angefika, aone kiti, aseme hakiingii, aondoke. Wa pili angesema mgongo unamuuma hawezi kusaidia. Mmoja alitandika karatasi ya nailoni kwenye kiti cha gari kabla hatujamwambia lolote, kisha akanishika makwapani kana kwamba anatoa mzoga mtaroni. Suruali ilikuwa imenipwaya kwa kukonda. Pale kwenye lango la hospitali, mbele ya watu wa foleni, iliteremka hadi magotini wakati wakinivuta nje. Mama mmoja muuza ndizi aligeuka akatazama upande mwingine. Sijasahau heshima yake.

Siku nyingine mfuko ulifunguka tukiwa ghorofa ya pili. Wafula alihisi maji yakimshuka mgongoni kwenye sare ya kazi. Hakusimama. Alinifikisha chini, akaniweka kitini polepole, akapanda kubadilisha nguo, na siku hiyo alichelewa kazini akaandikiwa barua ya onyo. Jioni nilimsikia akiongea na Rose nyuma ya pazia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa akimuuliza dada yangu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, ni miezi mingapi imebaki.

Nikaacha kunywa maji siku za hospitali. Nikaacha kula. Kisha nikaanza kusema najisikia vizuri, hakuna haja ya kwenda. Kidonda kikaoza. Rose alipokifungua na kunusa, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia, na ndipo nikakubali kwenda tena.

Ni kwenye benchi la chumba cha mazoezi ambapo mgonjwa mwingine alinipa nambari ya Mama Njoki. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Teksi yake ilikuwa gari jeupe lenye paa lililoinuliwa. Nyuma alikuwa na bamba la chuma linalokunjuliwa hadi chini, likawa mteremko, na kiti kikapanda juu yake na mtu akiwa amekikalia. Sakafuni kulikuwa na mikanda minne ya kufunga magurudumu.

Siku aliyokuja mara ya kwanza Wafula alikuwa tayari ameinama aninyanyue kutoka kitini, kwa mazoea. Mama Njoki akamzuia kwa mkono.

"Hapana, baba. Mimi sishikangi mtu. Mimi hushika kiti."

Akanisukuma ndani, akafunga mikanda minne, akaivuta mmoja mmoja kuhakikisha, akanifunga na wangu kifuani. Kisha akauliza kama dirisha liwe wazi au limefungwa. Miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa langu tu. Nikasema liwe wazi. Gari likaondoka nikiwa nimekaa wima, natazama mbele kama watu wengine, makwapa yangu hayajashikwa, suruali yangu iko kiunoni. Nililia hadi tukafika hospitalini. Mama Njoki hakugeuka. Aliendesha tu polepole upande wa kushoto.

Gari hilo alilinunua kwa ajili ya mume wake aliyepooza upande mmoja. Mume alifariki, naye akaona akiliuza atakuwa amemzika mara mbili, kwa hiyo akalifanya teksi. Wateja wake wengi walikuwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, kila mmoja na siku zake ambazo haziwezi kurukwa. Sisi wengine tulipata nafasi katikati ya safari zao. Ukitaka safari ndefu ilikuwa Jumapili tu, na umwambie mapema.

Kama uko jijini na kuna gari kama hilo, litafute. Pima upana wa kiti chako na urefu wa kichwa chako ukiwa umekikalia, umwambie dereva kwenye simu, usingoje afike ndipo mjue paa ni fupi. Uliza kama ana mikanda ya magurudumu. Breki za kiti peke yake hazitoshi, kiti kitacheza kwenye kona. Lipa pamoja na wenzako kama mnakwenda hospitali moja. Hayo nayasema kwa moyo wote, kwa sababu gari lile liliniokoa. Kidonda kilipona. Nilianza kunywa maji.

Septemba, Rose na Wafula walihama kwa ajili yangu. Waliacha vyumba viwili vya ghorofani wakachukua kimoja cha chini, kwenye ploti iliyo na uwanja wa saruji, ili Mama Njoki afike hadi mlangoni. Waligawanya chumba kwa pazia. Tangu siku hiyo sikubebwa na mtu tena. Mwalimu wa mazoezi alinifundisha kujiteleza kutoka kitandani hadi kitini kwa ubao. Nilikuwa bado siwezi kusimama, lakini hakuna mkono wa mtu uliokuwa ukinigusa nje ya nyumba, na nilianza kuona hilo kama kupona kwenyewe. Nilijiapiza kwamba sitabebwa tena mbele ya macho ya watu maisha yangu yote. Kiapo hicho hakuna aliyekisikia, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kunikataza.

Mvua fupi zilikuwa zimeanza Novemba wakati Pamela alipopiga simu. Ilikuwa Jumatano mchana. Alisema baba amelazwa Homa Bay, amewekewa hewa, na kila akipata nguvu ya kuongea ananitaja.

"Baba Awino, usingoje," alisema. "Njoo kwa njia yoyote."

Rose alikuwa amesimama karibu, amesikia. Hapo hapo alianza kupanga. Basi la Homa Bay liliondoka kila asubuhi. Wafula angeomba ruhusa, anibebe hadi kwenye kiti cha mbele, na wafanyakazi wa basi wangemsaidia. Kesho yake jioni tungekuwa kando ya kitanda cha mzee.

Nilimpigia Mama Njoki. Alinisikitikia sana. Alhamisi alikuwa na mgonjwa wa figo, Ijumaa wawili, Jumamosi mmoja. Jumapili alfajiri angenipeleka hadi Mbita kama nikitaka. Nikamwambia nataka.

Rose alinisikiliza nikimaliza simu. Akapiga magoti mbele ya kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaka, twende na basi. Ni siku moja tu ya kubebwa."

"Sitapandishwa basi kama gunia mbele ya stendi nzima."

"Na mzee je?"

"Mzee atangoja. Ni siku nne."

Nilimwambia atangulie yeye, na nilijua nilipokuwa nikisema kwamba hawezi. Mpira wangu wa mkojo yeye ndiye aliyekuwa akiubadilisha, mgongo wangu yeye ndiye aliyekuwa akiukagua, na Wafula alikuwa kazini kutwa. Aliinuka akaanza kupanga nguo zangu kwenye mfuko, zile nzuri, shati jeupe na suruali nyeusi, kwa kuwa nilimwambia nataka baba anione nimevaa vizuri. Alizipiga pasi. Alhamisi akazipiga pasi tena.

Nilizungumza na baba mara moja, Ijumaa. Pamela aliweka simu sikioni pake. Nilisikia pumzi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Dholuo tumefika wapi. Sikuelewa swali. Nilidhani ugonjwa umemchanganya. Nikamjibu kwamba tunakuja, na akasema sawa.

Jumamosi kabla ya saa sita Rose alikuwa uani akianika nguo. Simu ilikuwa kwangu. Pamela hakulia, alisema tu, "Mzee ametuacha." Nilisukuma kiti hadi mlangoni. Rose aliniona usoni akajua. Alikuwa ameshika shuka. Aliianika, akainyoosha pembe zote nne, akabana vibanio, kisha akachukua nyingine kwenye beseni. Alianika beseni lote hadi likaisha. Ndipo akaingia ndani akanipita bila kunigusa.

Jumapili Mama Njoki alifika kama alivyoahidi. Tulipita Narok, tukapita Bomet, Rose akiwa kiti cha mbele, kichwa kwenye kioo. Wafula alikuwa kando yangu. Karibu na Kisii tulisimama kunywa chai, wao wawili wakateremka, na Mama Njoki akaniletea kikombe changu ndani ya gari. Akaniuliza kwa nini sikupanda basi. Hakuuliza kwa ukali. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimechoka kubebwa.

Alikaa kwenye ukingo wa mlango, ameshika kifuniko cha chupa ya chai.

"Mume wangu nilimbeba miaka miwili kabla ya hii gari," alisema. "Choo, kanisa, kila mahali. Siku ya kwanza ya gari alifurahi sana, mpaka mimi nikahisi vibaya. Nikajiuliza, kumbe wakati wote huo alikuwa anaona aibu? Mimi nilikuwa naona tu niko na bwanangu."

Alichukua kikombe changu tupu akaenda.

Tulifika Mbita saa tisa alasiri. Ua ulikuwa umejaa watu tayari. Mama Njoki alikunjua lile bamba la chuma, na mimi nikateremka mwenyewe, mikono yangu kwenye magurudumu, shati jeupe, suruali nyeusi, mgongo wima. Watu walinipisha njia. Hakuna aliyenigusa. Niliingia nyumbani kwa baba yangu kama vile nilivyotaka kuingia, na baba alikuwa mochari Homa Bay, tulikuwa tumempita njiani.

Pamela alinieleza baadaye, tukiwa wawili chumbani. Tangu Jumatano mzee alikuwa akimuuliza kila akiamka tumefika wapi. Alhamisi, Pamela hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba hatujaondoka, akamwambia tumefika Narok. Ijumaa akamwambia barabara imeharibiwa na mvua lakini tumevuka, tuko Kisii. Ndiyo siku niliyoongea naye. Jumamosi asubuhi akamwambia tumefika Rongo, tunakaribia. Mzee akasema basi wamwinue kidogo kwenye mto, asije akakutwa amelala. Walimwinua. Alikufa hivyo, ameketi, anatazama mlango.

Siwezi kuandika nilichohisi. Nimejaribu mara nyingi.

Alizikwa Jumamosi iliyofuata. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha, na udongo kuzunguka kaburi ukawa matope ya kushika. Kiti changu kilikwama hatua kama thelathini kutoka pale, magurudumu yakazama. Jeneza lilikuwa limeshafika. Wafula alikuja mbele yangu akainama, na mtu mmoja wa Masara, ambaye tulibeba magunia pamoja kwa miaka, akanishika kiuno nyuma. Nilipanda mgongoni kwa Wafula mbele ya ukoo wetu mzima. Miguu yangu ilishtuka ikampiga, kama zamani. Alinishikilia hivyo kwa mahubiri yote, hadi udongo wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Nilitazama nyuso zao nikitafuta ile aibu niliyoikimbia. Kulikuwa na watu wanaomlilia mtu wao, basi.

Rose alirudi Nairobi na mume wake. Mimi nilibaki. Hunipigia simu kila Jumapili, ananiuliza kuhusu dawa, kidonda, chakula. Ninamjibu. Habari za baba hatujaziongea. Nilijaribu kumwomba msamaha kwa simu wakati wa Krismasi, akasema mtandao ni mbaya, atapiga baadaye. Alipopiga, aliniuliza kuhusu dawa. Sidhani ananichukia. Nadhani kuna neno analolitafuta ambalo si zito mno kwangu, na bado hajalipata.

Mwaka mpya ulipoanza, kidole gumba cha mguu wa kulia kilitikisika. Februari nilisimama kwa kushika vyuma viwili, nikahesabu hadi kumi, nikaketi. Sasa naweza kwenda kutoka kitandani hadi mlangoni na fremu ya kutembelea, Pamela akinifuata na kiti. Daktari anasema nitapata zaidi, au labda ndiyo imefika hapo. Tumerudi Migori, kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali. Huku sijaona gari lenye mteremko. Kuna tuktuk, kuna pikipiki, kuna pikapu ya jirani. Nimejifunza kuwaelekeza watu: usinishike makwapani, shika mkanda, mmoja akumbatie magoti, tuhesabu tatu pamoja. Nasema hivyo kwa sauti, hata kama kuna watu. Wengi hawajui tu namna, ndiyo maana huumiza.

Wiki iliyopita nilimeza vidonge vya mwisho. Asubuhi ya kwenda kusajili kwamba nimemaliza, mvua kubwa ilikuwa inanyesha na tuktuk haikuweza kuingia hadi mlangoni. Ilisimama barabarani ikipiga honi. Wakati Pamela akinivalisha viatu nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu Novemba, kama alinikasirikia.

Alimaliza kufunga kamba kwanza.

"Nilikasirika," alisema. "Si kwa sababu hukufika. Watu wengi hawafiki. Ulinifanya nimdanganye mzee siku tatu, na aliniamini."

"Bado umekasirika?"

Alifikiri. Pamela hasemi kitu ili tu kumfurahisha mtu.

"Kidogo," alisema.

Honi ililia tena. Aligeuka akanipa mgongo, akainama, akaweka mikono nyuma tayari.

"Shika shingo," akasema. "Shika vizuri, kunateleza."

Nikashika.